Ubao wangu umeandikwa PWEZA WA "LEO", watu wananicheka

Bi Pweza, Mkoani:
Assalaam alaykum. Nauza pweza, njia ya kutokea bandarini Mkoani. Nilimpa fundi ubao aniandikie PWEZA WA LEO. Kaniletea PWEZA WA "LEO". Nikamuuliza, hivi vijikucha vya nini? Kasema vinalitia neno nguvu.

Basi Jumamosi meli imeshusha watu, kijana mmoja kaupiga picha ubao, kisha huyo kwangu: "Bi mkubwa, huyu wa leo kweli, au wa leo ya juzi?" Na pweza mwenyewe katoka mwambani asubuhi ile ile, bamvua, hata mchanga hajaoshwa! Mie nimeandika nini jamani?

Maalim Mstaafu, Chake:
Waalaykumu ssalaam, Bi. Hizo ni alama za mtajo. Skuli tukisema fungua semi na funga semi. Kazi yake hasa ni kushika maneno ya mtu mwengine kama alivyoyatamka. Sasa ukilifungia neno moja peke yake, msomaji anaona umejitenga nalo: wanasema wao, si mie. Kwa mdomo kazi hiyo tunampa "eti". Ubao wako unasomeka: pweza, eti wa leo. Ungemnunua?

Ukitaka mkazo, Kiswahili kinao tele. Andika WA LEO HII, au WA LEO LEO.

Fundi Brashi:
Maalim, usitukaange sote. Kwenye kompyuta utakoza herufi, utazilaza; mie nina brashi na makopo mawili ya rangi. Ila kweli, neno likuzwe au lipigwe mstari chini, yatosha. Vijana wanaiga tu mabango ya wenzao. Kuna duka nimeona "HATUKOPESHI" ndani ya alama hizo. Nikakopa.

Kijana wa Wete:
WhatsApp unatia kinyota huku na huku, neno linakoza lenyewe. Lakini Bi, usimwambie fundi wako, atakuchorea nyota mbili watu wadhani ni hoteli 😂

Bi Pweza, Mkoani:
Ahsanteni wanangu, na wewe Maalim. Nimevisugua vijikucha kwa petroli. Vimetoka, na bluu ya ubao nayo imetoka. Sasa LEO limekaa katikati ya madoa mawili meupe, linaonekana tangu getini.