Leza ya kuondoa ndevu kwa ngozi nyeusi: nikague nini?

Wadau, niko Mtwara, ngozi yangu nyeusi tii. Nataka kuondoa ndevu za kidevuni kwa leza. Niulize nini kwanza?

Jibu: Dada, uliza aina ya mashine. Ngozi nyeusi inafaa leza iitwayo Nd:YAG, ya urefu wa wimbi wa nanomita 1064; mwanga wake unazama hadi kwenye shina la unywele. Mwanga wa leza ya nanomita 755 hunaswa na weusi wa ngozi yenyewe: malengelenge, kisha mabaka. Wajaribu sehemu ndogo chini ya taya, usubiri angalau siku mbili.

Jibu: Wiki 4 kabla using'oe wala kutumia nta, shina likitoka, leza haina cha kuunguza. Nyoa kwa wembe jana yake. Krimu za kujichubua acha kabisa, na jua la Mikindani likwepe. Miwani ya kinga lazima!

Jibu: Hedhi ikiruka ovyo, pima homoni kwanza, shoga. Huenda homoni ndizo zinazootesha ndevu, na zisiposhughulikiwa ndevu zinaweza kurudi.