Mrejesho: Mimi na mume wangu kwa mshauri wa ndoa

Wakuu, niliuliza kama ushauri wa ndoa unasaidia kweli au ni kuliwa hela tu, maana mume wangu alikuwa akinuna wiki nzima. Tulienda. Mshauri hakutafuta mwenye kosa. Tukianza kurushiana maneno anatukatiza, mmoja arudie alichosikia ndipo ajibu. (Mume alisema hayo mambo ya chekechea. Sasa anayatumia kuliko mimi!) Kununa kumepungua, ila hela za kutuma kwao bado moto.

Aliyetaka takwimu: mwanasaikolojia Andrew Christensen na wenzake, Marekani, walifuatilia ndoa 134 zenye migogoro sugu. Miaka 5 baada ya tiba ya ndoa (ushauri), karibu nusu zilikuwa na nafuu kubwa, kama robo zilishavunjika. Sisi tunaendelea, kikao kijacho ni hizo hela.