Laptopu inakula betri ikiwa imelala: betri mpya, kubadilisha seli, au kubadili namna ya kuilaza?

MwalimuKihonda (Morogoro)
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nina laptopu ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha 11, RAM GB 8, SSD GB 256, Windows 11. Saa tatu usiku nafunga kifuniko ikiwa asilimia 100, saa kumi na mbili asubuhi nakuta 65. Nikifika shuleni naitumia saa mbili na nusu, imezima. Mara mbili nimeitoa kwenye mkoba ina joto ambalo mkono hauvumilii.

Nimepewa njia tatu. Betri ya kopi Sh 75,000. Orijino Sh 190,000. Kubadilisha seli za ndani na kuacha ganda lilelile Sh 50,000. Mdogo wangu anasema nisinunue chochote, nibadili tu namna ya kuilaza. Natunga mitihani kwenye hii mashine na umeme wa kwetu mnaujua, kwa hiyo sitaki kubahatisha.

FundiSeli (Arusha)
Mwalimu, mdogo wako asikilizwe kwanza. Una magonjwa mawili ambayo dalili zake zimechanganyika: betri kuchoka, na mashine kutolala. La kwanza linatibiwa kwa hela. La pili hata ukiweka betri ya laki tano litaendelea, kwa sababu anayekula ni mashine, betri inaliwa tu.

Pima kwanza. Tafuta cmd (dirisha la kuandika amri), ifungue kama msimamizi, andika:

powercfg /batteryreport

Itakuambia faili la ripoti imeliweka wapi. Lifungue kwa kivinjari, utafute mistari mitatu: Design Capacity (ujazo iliotoka nao kiwandani), Full Charge Capacity (ujazo inaoweza kubeba leo) na Cycle Count (mizunguko ya kuchaji iliyokwishapita). Kisha andika:

powercfg /a
powercfg /sleepstudy

Ya kwanza inaorodhesha aina za usingizi ambazo mashine yako inaziweza. Ya pili inakuonyesha kila usiku imekula asilimia ngapi na nani alikuwa macho. Leta majibu hapa.

BintiMvita (Mombasa)
Mwalimu, mimi yalinipata hayo hayo, nikaanza kwa kununua betri. Wiki ya kwanza nilifurahi. Ya pili nikaona asubuhi inapungua vilevile. Hela imekwenda.

Baadaye ndipo nikaelewa. Laptopu za zamani zilikuwa na usingizi unaoitwa S3: prosesa inazimwa, kinachobaki na umeme ni RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi ulizofungua) na vitu vichache tu. Nyingi za miaka hii zimeondolewa S3 na kupewa Modern Standby, ambayo kwenye powercfg /a utaiona imeandikwa S0 Low Power Idle. Hiyo ni kama simu: kioo kimezima lakini ndani kuna kazi zinaendelea, baruapepe zinaingia, masasisho yanashuka. Kila kitu kikitulia haili sana. Kifaa kimoja kikikataa kutulia, mashine nzima inakesha nacho. Ndiyo maana unaikuta na joto mkobani, na joto hilo hilo linaizeesha betri. Kwa hiyo ugonjwa wa pili unazidisha wa kwanza.

MwalimuKihonda
Asanteni sana. Majibu haya hapa:

Design Capacity 57,000 mWh
Full Charge Capacity 41,000 mWh
Cycle Count 412

powercfg /a inasema S0 Low Power Idle ipo, S3 haipo. Kwenye sleepstudy usiku wa juzi una rangi nyekundu, umekula asilimia 35, na palipoandikwa HW pana asilimia 11. Sikuielewa hiyo.

FundiSeli
Umefanya vizuri. Tupige hesabu pamoja.

41,000 kwa 57,000 ni asilimia 72. Betri imezeeka, haijafa. Kwangu dukani mteja mwenye 72 namrudisha nyumbani na betri yake. Nikiona chini ya 50, au inazima ghafla ikisoma 30, hapo naongea habari ya kununua.

Sasa usiku. Asilimia 35 ya Wh 41 (ndiyo ile 41,000 mWh) ni kama Wh 14.4. Gawa kwa saa tisa unapata wati 1.6. Laptopu nyingi nilizopima zikiwa kwenye S3 hula chini ya nusu wati. Yako imelala ikila zaidi ya mara tatu ya hapo.

Hiyo HW 11 maana yake ni kwamba katika muda wote iliofungwa, vifaa vyenyewe vilizama kwenye usingizi mzito kwa asilimia 11 tu ya muda. Ukibofya usiku ule, chini kuna orodha ya waliokesha. Wa juu ni nani?

MwalimuKihonda
Kadi ya Wi-Fi.

FundiSeli
Basi hapo ndipo pa kuanzia. Nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, weka namba ya modeli, shusha dereva (programu inayoendesha kifaa) ya Wi-Fi na BIOS (programu ya msingi inayowasha mashine) mpya. BIOS usiisasishe bila chaja kuchomekwa na betri kujaa. Umeme ukikatika katikati na betri iko chini, unaweza kuniletea ubao mzima.

TuxBuja (Bujumbura)
Naongeza kwa wanaotumia Linux, maana hili si la Windows peke yake. Andikeni cat /sys/power/mem_sleep. Mkiona [s2idle] deep, mabano yako kwenye s2idle, ina maana mashine inatumia usingizi mwepesi ingawa mzito upo. Ongezeni mem_sleep_default=deep kwenye vigezo vya kerneli (kiini cha Linux). Kama neno deep halipo kabisa, angalieni BIOS: baadhi ya ThinkPad, mfano X1 Carbon ya kizazi cha 6, zilipewa kipengele cha Sleep State cha kuchagua Linux au Windows 10. Ukichagua Linux, S3 inarudi.

Haibaneti (kuandika yaliyo kwenye RAM diskini, kisha kuzima) kwenye Linux inadai swapu ya kutosha, yaani nafasi ya diski ya kuyahifadhi, na Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwasha mashine) ikiwa imewashwa, mara nyingi kerneli inaikataa. Wengi wanahangaika bila kujua sababu.

BintiMvita
Mimi dereva mpya ilinipunguzia tu, haikumaliza. Kilichomaliza ni haibaneti. Yaliyo kwenye RAM yanaandikwa kwenye diski, kisha mashine inazima kweli. Asubuhi unakuta dirisha zako zilezile. Inaamka polepole kuliko usingizi wa kawaida, yangu inachukua kama sekunde 20.

Uzuri ni kwamba huhitaji kuchagua moja. Ilaze kawaida, halafu iagize baada ya saa moja iingie haibaneti yenyewe:

powercfg /h on
powercfg /change hibernate-timeout-dc 60

Hiyo dc ni pale inapotumia betri, na 60 ni dakika. Ukienda chai unarudi inaamka mara moja. Ukilala usiku, baada ya saa moja imezima.

KakaMkubwa_TZ (Dodoma)
Samahani dada, nina wasiwasi. Kila siku kuandika RAM nzima kwenye SSD si kuichosha? SSD ina kikomo cha kuandikwa.

BintiMvita
Ni swali la haki, kaka, nami niliogopa hivyo. Windows kwa kawaida inatenga faili la kama asilimia 40 ya RAM, kwa hiyo kwa GB 8 ni kama GB 3. Tuseme unahaibaneti mara mbili kwa siku: GB 6. Kwa mwaka haifiki TB 2.2. Samsung 870 EVO ya GB 250, kwa mfano, dhamana yake ni TB 150 za kuandikwa. Gawa mwenyewe: ni zaidi ya miaka 60.

KakaMkubwa_TZ
Nimeelewa, ahsante. Na kuzima kabisa je? Mimi nazima kila siku na bado asubuhi imepungua.

FundiSeli
Mambo mawili, mkuu. Fast Startup (kipengele cha Windows cha kuwaka haraka) ikiwa imewashwa, Shut down si kuzima kamili: kiini cha Windows kinahifadhiwa kwenye diski kama haibaneti ndogo. Ukitaka Windows ianze upya kabisa, tumia Restart. Lakini hilo halili betri. Linalokula ni tundu la USB linaloachwa na umeme hata mashine ikiwa imezimwa, ili uchaji simu. Lizime kwenye BIOS.

Maskati_Mjukuu (Muscat)
Mwalimu, siku ikifika ya kununua orijino, huku zinapatikana, na ndugu wanasafiri mara kwa mara kuja Dar. Ila betri ya akiba lazima ikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege, na ncha zake zizibwe. Mpaka Wh 100 inaruhusiwa bila kibali, ya kwako ni 57. Kuituma peke yake kama mzigo ni shida, maana tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa pekee haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria.

MwalimuKihonda
Shukrani kaka. Fundi, shikamoo, naomba nikuulize: kama ningelazimika kuchagua kati ya kopi na kubadilisha seli, wewe ungemwambia dada yako achukue ipi?

FundiSeli
Marahaba. Dada yangu ningemwambia kopi yenye dhamana ya miezi sita iliyoandikwa, kutoka duka ambalo kesho utalikuta palepale. Siku ya kwanza endesha batteryreport ukiwa dukani. Nimeona betri imebandikwa Wh 57 na ripoti inasema 38.

Kubadilisha seli nilikuwa nafanya, nimeacha kwa laptopu za siku hizi. Zile za zamani zilikuwa na seli za duara za 18650, unazipanga upya. Hizi nyembamba zina vifuko laini vinavyotobolewa kwa kucha, na ubao wa betri una chipu inayokumbuka. Ukikata seli vibaya chipu inajifunga, na hata seli mpya haitazipokea. Tena seli za 50,000 zinatoka wapi? Mara nyingi ni za kutolewa kwenye betri nyingine iliyochoka.

Na wote mnaosoma: padi ya kipanya ikianza kuinuka au kifuniko cha chini kikitoa tumbo, hiyo betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze, usiitoboe, mpelekee anayejua. Hapo hakuna tena kulinganisha bei.

KakaMkubwa_TZ
Na kuweka kikomo cha kuchaji, kiishie asilimia 80? Wengine wanasema ndiyo dawa.

TuxBuja
Inasaidia kweli. Lithiamu inazeeka haraka ikikaa imejaa pomoni na ikiwa na joto. Mimi natumia TLP, programu ya Linux ya kutunza betri, nikiweka STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80. Kwenye HP na Dell kipengele kipo BIOS, Lenovo wanacho kwenye programu yao ya Vantage.

BintiMvita
Kwa anayeshinda kwenye chaja ofisini, ndiyo. Kwa mwalimu ambaye umeme unakatika jioni na kazi haijaisha, zile asilimia 20 ndizo zinamfikisha mwisho wa ukurasa. Mimi naweka 80 siku za kazi, najaza nikijua nasafiri.

MwalimuKihonda
Nimerudi baada ya wiki mbili. Nimejaribu kwa zamu, kila njia usiku tatu, saa tisa zilezile:

Kama ilivyokuwa: 35, 33, 36.
Baada ya dereva na BIOS: 14, 13, 14.
Baada ya kuongeza haibaneti ya dakika 60: 3, 2, 3.

Mkobani haichemki tena. Shuleni sasa inakwenda kama saa nne, kwa sababu naanza na betri nzima badala ya 65. Jumanne umeme ulikatika saa moja usiku nikiwa kwenye swali la tano la mtihani wa Kidato cha Pili. Nimemaliza, nikahifadhi, ikabaki 31.

Betri sinunui kwa sasa. Mwezi wa sita nitaendesha ripoti tena nione ile 41,000 imeshuka hadi wapi, nitaandika hapahapa.