Bean moja, interfesi mbili: tabia ya muamala naitengaje?

Msaka_Hitilafu: Wakuu, heshima zenu. Nina bean ya EJB (kijenzi cha Java kinachoendeshwa na seva) ya malipo yenye interfesi mbili, yaani njia mbili za kuiita. Remote inaitwa na programu za nje zisizo na muamala (kundi la hatua za hifadhidata zinazofaulu au kufutwa pamoja). Local inaitwa na bean nyingine ndani ya seva, na hizo lazima ziwe zimeshafungua muamala. Nimeweka @TransactionAttribute (anotesheni ya tabia ya muamala) kwenye kila interfesi, lakini WildFly, seva yangu, haijali. Halafu rekodi ya ukaguzi inafutika malipo yakikwama, ingawa metodi yake ni REQUIRES_NEW (ifungue muamala wake mpya).

Kontena: Mkuu, anotesheni hiyo husomwa kwenye klasi ya bean, si kwenye interfesi, na ukiiweka kwenye klasi inashika njia zote mbili. Kuzitenganisha tumia ejb-jar.xml, faili la mipangilio ya bean. Ndani ya assembly-descriptor andika container-transaction mbili: moja yenye method-intf Remote na trans-attribute Required (tumia muamala uliopo au fungua mpya), nyingine Local na Mandatory (lazima uwepo tayari). Method-name iwe nyota (*) kote. Mpangilio ni ejb-name, method-intf, kisha method-name. Ukiuvuruga faili linakiuka skima (kanuni za muundo) yake. Atakayeita Local bila muamala atapata EJBTransactionRequiredException, na ndivyo unavyotaka.

Bi_Seva: Kuhusu ukaguzi, bila shaka unaita this.andika(). Mwito wa namna hiyo haupiti kwenye kontena (sehemu ya seva inayosimamia bean na miamala), kwa hiyo REQUIRES_NEW haisomwi na rekodi inajiunga na muamala wa malipo. Hamishia metodi kwenye bean nyingine, uiingize kwa @EJB.

Msaka_Hitilafu: Ni this kweli. Kuna hatari nikihamisha? Miunganisho ya hifadhidata ni 20, nyuzi (kazi zinazoendeshwa kwa wakati mmoja) 20.

Bi_Seva: Ipo, tena kubwa. Muamala wa nje (wa malipo) ukisimamishwa hauachii muunganisho wake, na wa ndani (wa ukaguzi) unadai wa pili. Nyuzi zote 20 zikiingia pamoja, kila moja inangoja na seva inaganda. Weka miunganisho angalau 21, mimi ningeweka 30. Jedwali la ukaguzi pia lisiwe na ufunguo wa kigeni kwenda kwenye safu ya malipo uliyoibadilisha. Kwenye InnoDB (injini ya kuhifadhi data ya MySQL) muamala wa ndani utangoja kufuli la wa nje, na hifadhidata haitaitambua kama mkwamo (deadlock), kwa sababu wa nje unangojea ndani ya Java.

Kontena: Nyongeza: eksepsheni (taarifa ya kosa) yako ya kawaida, isiyotokana na RuntimeException, hairudishi muamala nyuma. Iwekee @ApplicationException(rollback = true), la sivyo malipo nusu yatahifadhiwa.