Hivi hii "pasipoti saizi" ya studio zetu Tanga ni saizi ya pasipoti ya nchi gani?

Wakuu salaam. Wakubwa wote, shikamooni.

Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe lugha. Jana usiku nimeshuka stendi ya Kange na mama yangu mwenye miaka 68, miguu imemvimba kwa kukaa kwenye basi, na chanzo chake ni vipande viwili vya karatasi ambavyo kiganja kimoja kinavifunika vyote na nafasi inabaki. Picha. Picha ya viza, basi!

Dada yangu anaishi Ujerumani, kajifungua mwezi uliopita, na mama anataka aende akamkande mzazi kama alivyokandwa yeye na mama yake. Mambo magumu yote tulishayamaliza: pasipoti ya mama ipo, barua ya mwaliko ipo, bima ya safari ya euro 30,000 ipo, taarifa ya benki ina muhuri mpaka kwenye kona. Tukabakiza picha, na picha nani anaihofia? Kila barabara Ngamiani ina studio.

Nikampeleka mama kwenye mojawapo, jina silitaji. Nikamwambia kijana wa pale kwa kinywa changu kwamba picha ni za viza ya Ulaya, asije akatuwekea kitambaa cha bluu kama zile za pasipoti yetu. Akanijibu bila kuinua macho kwenye simu: "Kaka, pasipoti saizi ni ile ile dunia nzima. Tofauti rangi tu."

Naomba mkae na hiyo sentensi, maana ndiyo iliyonigharimu.

Mama siku hiyo kajipamba. Kajifukiza udi, kajitanda mtandio mweupe aliokuwa kauweka kwa ajili ya Idi. Akakalishwa mbele ya shuka jeupe. Mtandio mweupe, shuka jeupe, wala hakuna aliyestuka, hata mimi. Kijana akabofya mara mbili, akarudi kwenye kompyuta, akaanza kumpaka mama poda kwa kutumia mausi. Mikunjo ya paji la uso akaifuta. Kidoti cha shavuni, ambacho ukoo mzima tunamtambua nacho, akakifuta. Weusi wa mama akaupunguza mpaka akafanana na mtu aliyetoka kwenye pipa la unga. Mama alipoiona akacheka mpaka machozi: "Mwanangu, huyu si mimi, huyu mdogo wangu." Nikalipa elfu tano kwa picha nane, tukaondoka tunafurahi. Mjinga ni mimi.

Tukasafiri usiku ili saa mbili asubuhi tuwe mlangoni kwenye ofisi ya viza, Dar. Dirishani dada wa watu alikuwa na adabu zake, hilo nalisema. Alichukua kipande cha plastiki kinachoonyesha, kimechorwa mistari, akakilaza juu ya picha ya mama. Hakufikiri hata sekunde tano. Uso mdogo. Kichwa hakionekani kinapoishia kwa sababu mtandio umeyeyuka ndani ya shuka. Na picha imechezewa. "Mama, nenda kapige nyingine, halafu urudi."

Mama akaniangalia. "Uso ndio huu huu ninao, wanataka upi mwingine?"

Sasa sikilizeni. Hatua chache kutoka lango lile kuna kijana ana kibanda, turubai, kiti cha plastiki na ukuta wa mbao uliopakwa kijivu hafifu. Swali lake la kwanza: "Ulaya, Marekani au India?" Hakuniambia habari za dunia nzima. Na kwenye msumari ametundika mtandio mweusi, wa kuwaazima kina mama wanaokuja na mitandio myeupe. Yaani tatizo la mama yangu limewatokea watu wengi kiasi kwamba mtu amewekeza mtandio! Picha nne, elfu ishirini, na hapunguzi hata mia. Anajua huna pa kwenda.

Tulipomaliza foleni ya kibandani, zamu yetu dirishani ilikuwa imeshapita. Njooni kesho. Tukalala Mbagala kwa binamu, watu saba chumba kimoja, mama akapewa kitanda akakataa. Tanga ya waja leo waondoka leo, sisi tulikwenda leo tukarudi keshokutwa.

Nilipofika nyumbani nikachukua rula ya mwanangu ya shule nikazipima zile za Ngamiani. Upana milimita 32, urefu 41, na hazilingani hata zenyewe kwa zenyewe maana zimekatwa kwa mkono. Uso kutoka kidevuni mpaka utosini milimita 26. Viza ya Schengen, yaani ile moja ya Ujerumani na wenzake wa Ulaya, inataka picha ya milimita 35 kwa 45, na uso uchukue asilimia 70 hadi 80 ya urefu, yaani kama milimita 32 hadi 36. Mama alikuwa amesimama kwa mbali kama anayeaga meli.

Na "dunia nzima" aliyoisema yule bwana mdogo ni hii: Marekani wanataka mraba, inchi 2 kwa inchi 2, ambayo ni milimita 51 kila upande, nyuma nyeupe, na miwani wameipiga marufuku tangu Novemba 2016, hata kama huoni bila hiyo. Mchina ana yake ya 33 kwa 48. India nao mraba wa inchi 2. Kanada, viza ni 35 kwa 45 lakini pasipoti yao wenyewe ni 50 kwa 70, karibu kadi ya harusi. Sisi hapa pasipoti yetu nyuma ya bluu. Hakuna mnyama anayeitwa pasipoti saizi! Ni jina tu la mtaani, kama tunavyosema "Kolgeti" kwa kila dawa ya meno.

Nimekaa nikajiuliza kwa nini wanakuwa wakali hivi, maana zamani mzee wangu alisafiri kwa picha ambayo hata mama alikuwa hamtambui. Jibu ni mashine. Mwaka 2003 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liliuchagua uso kuwa alama kuu ya kumtambua msafiri kwenye pasipoti za kielektroniki, na waraka wao namba 9303 ndio unaofuatwa karibu kila nchi. Kompyuta inapima umbali wa jicho na jicho, pua, kidevu. Ukifuta kidoti na mikunjo, ukipunguza shavu, umemtengenezea mama sura ambayo mashine ya uwanja wa ndege haitaikuta kwake. Kwa hiyo ile poda ya kompyuta anayokupaka kijana kama zawadi ndiyo sumu.

Lakini hapa nitamtetea kidogo, maana hasira isinifanye mwongo. Kamera ikielekezwa kwenye shuka jeupe inaona mwanga mwingi na kupunguza yenyewe, na anayekaa mbele, kama ni mweusi kama mama, anatoka giza, macho huyaoni. Fundi anaona giza lile, anajua mteja atanuna, anaongeza weupe kwenye kompyuta. Ndipo anapovuka mpaka. Dawa ni taa, mbili, moja kila upande wa uso, na mtu akae mbali na ukuta ili kivuli kisimfuate. Kijana wa kibandani hakuwa na taa hata moja. Alikuwa na turubai jeupe linalochuja jua la saa nne na ukuta wa kijivu, akamtoa mama vizuri kuliko studio yenye kiyoyozi.

Na hata mashine yenyewe msiione malaika. Mwaka 2020 BBC waliupima mfumo wa Uingereza unaokagua picha za pasipoti mtandaoni, wakakuta wanawake wenye ngozi nyeusi picha zao zinaambiwa hazifai mara 22 katika kila 100, wakati wanaume weupe ni mara 9. Kuna watu waliambiwa midomo yao iko wazi ilhali wameifunga. Kwa hiyo mweusi anaanza mbio akiwa nyuma, halafu fundi wa Ngamiani anamfunga kamba miguuni.

Waliotuhudumia Dar nao wana sehemu yao. Yale masharti nimeyasoma baadaye, yapo, lakini yapo kwa Kiingereza na Kijerumani, kurasa mbili za michoro ya Wazungu wenye nywele za dhahabu, hakuna hata picha moja ya mama mwenye mtandio. Imeandikwa vazi la kichwa la kidini linaruhusiwa ilimradi uso uonekane kuanzia kidevu mpaka paji la uso. Sawa. Kwa nini haikuandikwa usivae mtandio mweupe kwenye nyuma nyeupe? Na kwa nini mtu wa Tanga, Lindi au Kigoma asitume picha kwa barua pepe wiki moja kabla, akaambiwa hii inafaa, hii haifai? Mpaka asafiri kilomita 350 ndipo apimwe kwa kipande cha plastiki? Anayekaa Mikocheni akikataliwa anapanda bajaji. Mimi nimelipa nauli za watu wawili, nimekosa siku tatu za kazi, na mama kalala sakafuni.

Leo asubuhi nimerudi studio. Nilikwenda kugombana, sitaficha. Nikamwekea rula mezani pamoja na picha zake na zile za kibandani. Alizitazama muda mrefu. Akapima moja, akapima nyingine. Kisha akaniambia: "Kaka, miaka sita nipo hapa, hakuna mteja aliyewahi kunitajia milimita." Elfu tano yangu hakunirudishia, ila aliomba aipige picha ile karatasi ya masharti kwa simu yake. Nikamwachia. Sijui nilifanya vyema au nimemwongezea mtaji wa kupandisha bei.

Sasa shida iliyonifanya nifungue uzi: mama mkwe naye anatakiwa kwenda India kwa matibabu, mraba ule wa inchi 2. Mwenye kuijua studio hapa Tanga, iwe Chumbageni, Makorora au huko huko Ngamiani, ambayo ina taa mbili na fundi asiyefuta vidoti vya watu, ataje mtaa na bei. Msiniambie "wapo wengi". Taja mmoja. Nitakwenda na rula yangu, na mtandio mweusi nimeshanunua.