Kumi bora wa NBA waliostaafu: nipime vipi Russell, Wilt na Olajuwon?

Pete6
Wakuu, naandaa orodha ya wachezaji 10 bora wa muda wote wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, waliostaafu tu. Michael Jordan na Kareem Abdul-Jabbar hawanisumbui, nafasi zao ni za uhakika. Nikihesabu ubingwa, Bill Russell ana 11, mjadala umekwisha. Nikihesabu pointi, Wilt Chamberlain anatisha. Kote kuwili Hakeem Olajuwon anabaki nje, na moyo unakataa. Nianze na kipimo gani?

Mizani
Mkuu, ubingwa ni wa timu. Ukiutanguliza, Robert Horry mwenye 7 atamkalia juu Jordan mwenye 6, ilhali Horry hakuitwa All-Star (mechi ya nyota wa ligi ya kila mwaka) hata mara moja. Anza na kilele: misimu 5 bora ya mchezaji, umpime na wenzake wa misimu hiyohiyo. Kisha angalia ubora wake ulidumu miaka mingapi, halafu mtoano. Ubingwa utumie kuamua wanapolingana.

Zama za Kale
Kwa Wilt ndipo wengi wanapoteleza. Msimu wa 1961/62 alikuwa na wastani wa pointi 50.4 na ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) 25.7 kwa mechi, lakini mchezo ulikuwa wa mbio, mitupo mingi na mingi ilikosa, hivyo ribaundi zilijaa. Usiziweke namba hizo kando ya za miaka ya 1990 zikiwa mbichi. Gawa pointi zake kwa wastani wa timu moja kwenye ligi: msimu ule ulikuwa karibu 119, kwa hiyo anapata kama asilimia 42. Olajuwon wa 1993/94, pointi 27.3 kwa wastani wa 101.5, anapata 27. Wilt bado yuko mbali sana! Ila mwaka huohuo wa 1962 MVP (mchezaji bora wa msimu) alikuwa Russell, na waliopiga kura ni wachezaji waliokutana nao wote wawili uwanjani. Kura hiyo naithamini mno.

Halafu bloku (kuzuia mtupo wa mpinzani) zilianza kuhesabiwa rasmi 1973/74, Russell na Wilt wameshaondoka. Rekodi ya Olajuwon ya bloku 3,830 ni halali, ila usiitumie dhidi yao. Wala usimhukumu Russell kwa kukosa MVP wa Fainali: tuzo ilianza 1969, msimu wake wa mwisho.

Pete6
Nimeelewa. Na Karl Malone mwenye pointi 36,928 bila ubingwa?

Mizani
Kwa kudumu anawapita wengi, na MVP anazo 2. Mtoano ndio unaomshusha: mitupo iliyoingia ilikuwa asilimia 51.6 msimu wa kawaida, ikaporomoka hadi 46.3. Olajuwon alipanda, kutoka 51.2 hadi 52.8, na pointi kwa mechi kutoka 21.8 hadi 25.9. Tena 1994 alibeba MVP, Mlinzi Bora na MVP wa Fainali msimu mmoja, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya. Mwingize Olajuwon, Malone asubiri nje ya kumi.