Maoni ya wasikilizaji yanapingana: niyasomeje kabla ya kurudia mhadhara wa pandas?

mtoa_mada_tudor
Salaam, wanajukwaa. Jumamosi iliyopita nilitoa mhadhara wa dakika 45 hapa Mombasa kuhusu pandas, maktaba ya Python ya kupanga na kuchambua data za majedwali. Waliohudhuria walikuwa wanafunzi, makarani wa maghala na watunza hesabu wachache. Mwishoni niligawa vikaratasi vya maoni, navyo vimenitatiza: wapo walioandika kwamba nilikwenda mbio mno, wapo walioona nilijikokota, na wengi waliandika tu "vizuri sana, ahsante", maneno yanayofurahisha lakini hayanioneshi pa kurekebisha. Nimeombwa kuurudia mwezi ujao. Je, nipunguze mwendo, au kuna jambo ambalo mimi niliyesimama mbele sikuliona? Naomba mliokuwepo mnieleze bila kunionea haya.

karani_kongowea
Mwalimu, mimi ni mmoja wa walioandika "mbio mno", na baada ya kutafakari naona sikutumia neno sahihi. Nilikufuata vyema mpaka ulipolifungua faili la mauzo kwa read_csv, amri ya pandas ya kusoma faili la majedwali. Jedwali lilipotokea ukutani, nambari za simu za wachuuzi, ambazo katika faili zilianza na 07, zilikuwa zimeanza na 7, na kila moja imebandikwa nukta na sifuri mwishoni. Jirani yangu akaninong'oneza, "Sifuri ya mbele imekwenda wapi?" Wewe ulikuwa umeshapita, unaeleza groupby, amri ya kupanga safu mlalo katika makundi na kuzijumlisha. Kuanzia hapo sikushika kitu tena, kwa sababu kazi yangu ya kila siku ni kuwapigia simu wachuuzi kama hao, na akili yangu yote ilibaki kwenye zile nambari zilizoharibika.

fundi_likoni
Karani amegusa penyewe. Usipoiambia kitu, pandas hukisia aina ya kila safu wima. Ikikuta tarakimu tupu huzifanya nambari za kuhesabia, na kwa kuwa sifuri ya mbele haina thamani katika hesabu, hudondoka. Ile nukta na sifuri ya mwisho huja pale ambapo mchuuzi mmojawapo hana simu: nambari kamili za NumPy, maktaba ya Python ya hesabu ambayo pandas imejengwa juu yake, haziwezi kuhifadhi pengo, kwa hiyo safu wima nzima hugeuzwa kuwa ya desimali. Dawa yake ni kuitaja safu wima hiyo ndani ya read_csv na kuipa dtype (aina ya data) ya maandishi, jambo la dakika mbili.

Tarehe nazo zilihitaji neno. Kwetu 03/04/2024 ni tarehe 3 Aprili, lakini pandas huisoma kuwa 4 Machi usipoandika dayfirst=True. Matoleo yaliyotangulia 2.0, iliyotoka Aprili 2023, yaliweza hata kuisoma 03/04 kwa mtindo wa Kimarekani na 25/04 kwa mtindo wetu ndani ya safu wima ileile. Muda wa kueleza haya ungeupata kwa kufupisha historia ya Wes McKinney, aliyeianzisha pandas, na kampuni ya uwekezaji ya AQR, alikoianza kazi hii mwaka 2008.

mtakwimu_nyali
Kuhusu historia sikubaliani na fundi. Nilipofahamu kwamba maktaba hii ilizaliwa kwenye kazi za fedha, ndipo nilipoelewa kwa nini ina nguvu hivyo katika mambo ya tarehe na mfululizo wa nyakati. Ifupishwe, isiondolewe.

Kaka mtoa mada, kuna kikaratasi kilichouliza kwa nini jumla ya makundi ilikuwa ndogo kuliko jumla ya faili zima. Kile ni changu. Groupby huziacha safu mlalo ambazo jina la kundi lake ni tupu, mpaka uandike dropna=False. Mtunza hesabu akiona jumla mbili zisizolingana ukutani na hakuna aliyezitaja, atatilia shaka kila kitakachofuata, hata kama ni sahihi. Ningekushauri uvipange upya vikaratasi kwa kufuata sehemu za mhadhara, na safari ijayo usiulize kama ulikuwa mzuri. Waulize walipotea wapi.

mtoa_mada_tudor
Nawashukuru sana. Nimelifungua tena lile faili usiku huu, na kweli, kuna safu mlalo 6 ambazo jina la kibanda halikujazwa. Niliandaa slaidi zangu bila kuziona. Nimevipanga vikaratasi kama dada alivyoshauri, na karibu vyote vya "mbio mno" ambavyo viliongeza neno lolote vinataja namba au jumla. Nitalitumia faili hilohilo bila kulisafisha, nianze na nambari za simu, kisha tarehe, na groupby nitaifikia baada ya hadhira kuhesabu pamoja nami jumla ya faili. Historia itabaki kwenye slaidi moja.